Vifaa vya kupandikizwa jichoni kwa presha ya macho: maswali yanayoulizwa mara kwa mara hapa Mombasa

Haya maswali yanatoka kwa watu wa aina mbili. Kuna wagonjwa na watu wao, wameambiwa kliniki jicho litawekwa kifaa wakatoka pale vichwa vimejaa, na kuna vijana wa uinjinia, wengi wa chuo kikuu cha TUM pale Tudor, wanaotaka kubuni kifaa bora kuliko vilivyoko. Nimeyachanganya makusudi, manake mbunifu asiyejua mgonjwa auliza nini atatoa kitu cha kuonyesha watu mezani tu. Mimi ni mtu wa vifaa vya hospitali, si daktari wa macho, kwa hivyo la jicho lako muulize daktari wako.

Na niseme msimamo wangu mapema usije ukashangaa huko chini: kwangu mimi kifaa kizuri ni kile kitakachoendelea kumlinda mgonjwa hata asiporudi kliniki. Teknolojia, ukubwa, jina, yote yaja nyuma ya hilo.

Presha ya macho ni sawa na hii presha ya damu?

Hapana, ni mambo mawili mbali. Jicho latengeneza maji yake ndani kwa ndani (si machozi, machozi yako nje), kama maikrolita 2 hadi 2.5 kwa dakika, kidogo mno, tone moja la dawa ya macho lina kama maikrolita 30 hadi 50 kwa hivyo jicho lachukua robo saa hivi au zaidi kutoa maji ya tone moja. Maji hayo yazunguka mbele ya jicho alafu yatoka kupitia kichujio kidogo pale konea, kile kioo cha mbele ya jicho, inapokutana na sehemu ya rangi. Kichujio kikikaza presha yapanda, na neva inayopeleka picha kwenye ubongo yafa kidogo kidogo, kuanzia kuona kwa pembeni. Kwa wengi hapa kwetu haiumi, ndio maana watu waja jicho moja lishakwisha. Presha ya kawaida huhesabiwa 10 hadi 21 kwa milimita za zebaki, ingawa kuna watu neva zao huharibika hata wakiwa ndani ya hapo.

Na neva ikifa haifufuki. Hakuna kifaa wala operesheni inayorudisha kilichopotea, kazi ni kulinda kilichobaki. Nalirudia sana hili kwa sababu watu huchanganya na mtoto wa jicho, yule atolewa na mtu aona tena, hii sivyo.

Kwani matone hayatoshi? Mama yangu apewa matone kila mwezi.

Yatosha kwa wengi, yakitumiwa. Kasheshe iko hapo kwenye kutumiwa, manake ni kila siku, maisha yote, kwa ugonjwa usiouma, na chupa ikiisha pesa ya nyengine yashindana na unga. Kuna wanaoacha mchana wa Ramadhani wakihofia swaumu, kuna wanaoacha wakiona mambo yako shwari. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, Tanzania, walilinganisha leza ya kufungua kile kichujio na matone ya timolol, matokeo yakatoka 2021: baada ya mwaka mmoja leza ilikuwa imefaulu kwa macho kama 61 kati ya 100, timolol 31 kati ya 100. Tofauti hiyo si ndogo, na ni kwa watu wa huku huku kwetu si wa Ulaya. Na ugonjwa wenyewe si adimu, utafiti wa Kongwa, Tanzania, uliotolewa 2000 ulikuta kama watu 4 kati ya kila 100 waliozidi miaka 40 wako nao.

Kwa hivyo mpangilio huwa matone au leza kwanza, kisha kisu, kisha kifaa. Lakini ukija umechelewa daktari aweza kuruka ngazi.

Operesheni ya kawaida na ya kifaa zatofautiana vipi?

Ile ya kawaida, trabekulektomi, ilielezwa na Cairns 1968. Daktari afungua kijimlango kwenye weupe wa jicho, maji yatoka na kukusanyika chini ya ngozi nyembamba ya juu, yafanya lengelenge dogo, kutoka hapo mwili wayanyonya. Kidonda cha namna hii mwili wataka kukifunga, kwa hivyo hupakwa dawa ya kuzuia kovu, mitomaisini. Kwa kifaa, tyubu ya silikoni yaingizwa mbele ya jicho na maji yapelekwa nyuma kwenye pleti, kisahani kidogo kilichoshonwa juu ya weupe, chini ya kope la juu, ndio maana mtu akikutazama haoni kitu.

Kuna utafiti mkubwa wa watu 212 ambao macho yao yalikuwa yashafanyiwa operesheni kabla, nusu wakapewa tyubu nusu trabekulektomi. Baada ya miaka 5 tyubu zilikuwa zimefeli kwa asilimia 29.8 na trabekulektomi 46.9. Kwa macho ambayo hayajaguswa kabisa hesabu haikuegemea tyubu hivo, kwa hivyo asije mtu akakwambia tyubu ni bora kila mahali.

Hivi vidude vilianzia wapi?

Afrika! Watu hawajui hili. Cha kwanza kilichofaulu kweli ni cha Anthony Molteno, alikianzisha Afrika Kusini mwisho wa miaka ya 1960, baadaye akahamia New Zealand. Wazo lake ndilo ambalo wote wengine wamelifuata: tyubu peke yake haifai kwa sababu mwisho wake utafungwa na kovu, kwa hivyo weka pleti iulazimishe mwili uache nafasi wazi ya maji. Pleti yake ilikuwa na eneo la milimita mraba kama 135. Halafu ikaja Baerveldt mwaka 1990, pleti kubwa ya 250 au 350, na Ahmed mwaka 1993, pleti ya 184 lakini yenye valvu.

Yenye valvu au isiyo na valvu, ipi bora?

Hapa ndipo wanafunzi hugombana, na kila mmoja ana haki yake.

Shida ni siku za mwanzo. Ukiweka tyubu iliyo wazi na pleti bado haijazungukwa na kovu lolote, maji yatoka ovyo, presha yaporomoka chini ya 5, jicho lalegea, tabaka za nyuma zaanza kujaa maji au hata damu. Waweza kupoteza jicho lile lile ulilokuja kuliokoa. Ahmed yajibu hilo kwa vijingozi viwili vya silikoni vilivyovutwa, vimekusudiwa vifunguke presha ikifika kama 8. Baerveldt haina kitu, kwa hivyo daktari afunga tyubu kwa uzi unaoyeyuka, unaachia baada ya kama wiki 5 hadi 6, wakati huo kovu lishafanya ukuta wa kutosha kuzuia maji kutoka kwa fujo.

Walipolinganishwa kwa watu 276, baada ya miaka 5 presha ya wastani ilikuwa 14.7 kwa Ahmed na 12.7 kwa Baerveldt. Lakini tazama vilivyofeli vimefeli vipi: Ahmed hufeli kwa presha kurudi juu, Baerveldt hufeli zaidi kwa madhara ya hatari, presha kushuka kupita kiasi na jicho kuzimika. Sasa chukua mgonjwa wa Garsen au ndani ndani Kinango. Uzi waachia wiki ya sita usiku wa manane, presha yaporomoka, na yeye nauli ya kuja Mombasa hana mpaka mwisho wa mwezi. Kwenye karatasi 12.7 ni bora kuliko 14.7 na kwa neva iliyobaki kidogo tofauti hiyo ina maana, sikatai, ila mimi mgonjwa huyo ningemchagulia kifaa kinachofeli polepole. Kuna madaktari ninaowaheshimu hawakubaliani nami na wana sababu, wanasema presha inayopanda taratibu mgonjwa haihisi, ukija kugundua neva ishaliwa.

Jambo moja kwa watu wa theatre: Ahmed lazima ipitishwe maji ya chumvi kwa sirinji kabla haijawekwa, vile vijingozi huja vimegandana. Ukisahau umeweka kizibo.

Mbona wasitengeneze tyubu nyembamba tu, iwe yenyewe ndio breki?

Swali zuri kuliko yote na jibu lake ni hesabu. Ukinzani wa tyubu wategemea kipenyo kwa nguvu ya nne. Ukikipunguza nusu ukinzani waongezeka mara 16. Tyubu za Ahmed na Baerveldt ndani ni milimita 0.3 hivi, na kwa mtiririko wa jicho, maikrolita 2 kwa dakika, tyubu ya urefu wa sentimita moja yatoa ukinzani wa chini hata ya sehemu moja ya mia ya milimita ya zebaki. Yaani hakuna kitu. Ile ya Paul kutoka Singapore ni 0.127 ndani, ukinzani wapanda mara thelathini hivi, wasikia kubwa lakini bado haifiki hata nusu milimita ya zebaki, ndio maana madaktari bado huifunga au kuiwekea uzi ndani. Faida yake kubwa ni kwengine, nje ni 0.467 badala ya 0.63 hivi, ntarudi hapo.

Ukitaka tyubu ifanye breki yenyewe lazima ushuke mpaka maikroni 45 hadi 70 (maikroni elfu ndio milimita moja). Huko ndiko walikoenda XEN (maikroni 45, urefu milimita 6) na PreserFlo (maikroni 70, urefu milimita 8.5). Hesabu zatoka vizuri sana. Lakini sasa una kishimo chembamba kuliko unywele wa watu wengi, na ndani ya jicho kuna damu baada ya operesheni, kuna chembechembe za rangi, kuna uchafu wa protini. Kila ukipunguza kipenyo kuzuia presha kuporomoka waongeza nafasi ya kuziba, na hakuna fomula ya kukutoa hapo.

Ni nini hasa huviharibu vifaa hivi?

Kovu, kovu, kovu. Watu waja na michoro ya valvu za ajabu, nawaambia valvu yako itafanya kazi miezi miwili mitatu, baada ya hapo kinachoamua presha ni ule ukuta wa kovu unaozunguka pleti. Ukiwa mwembamba maji yapenya, ukiwa mnene kama ngozi ya ngoma hayapiti hata tyubu iwe dhahabu. Ahmed inajulikana kwa kipindi cha mwezi wa kwanza hadi wa tatu ambapo presha yapanda tena, na watu wa asili ya Kiafrika kwa jumla hufanya makovu zaidi, kwa hivyo matokeo ya kifaa kwa wazungu usiyachukue mzima mzima ukayaleta Makadara hapa Mombasa.

Kwa hivyo kwa mbunifu maswali yenyewe ni haya. Nyenzo gani mwili hauichukii? Pleti za polipropilini ni ngumu na huwasha zaidi, silikoni laini imeonekana afadhali. SIBS, plastiki ile ya PreserFlo, ilikuwa imeshatumika kwenye stenti, vile vijitubu vya mishipa ya moyo, na mwili hukaa nayo kwa utulivu. Umbo je? Pleti ikicheza hata kidogo jicho likigeuka, yakwaruza, na mkwaruzo kila siku ni kovu kila siku, kwa hivyo ukingo uwe mwembamba na ikae ikifuata mviringo wa jicho. Baerveldt ina vitundu, kovu lapita katikati na kuishikilia chini, lengelenge haliinuki sana. Watu walijaribu pleti yenye vinyweleo ili mishipa ya damu iote ndani yake, wazo tamu, matokeo hayakutimiza matarajio. Ukubwa nao una kikomo: Baerveldt ya milimita mraba 500 ilikuwepo, ikalinganishwa na ya 350, ile ndogo ikafanya vizuri zaidi. Na pleti kubwa hukaa chini ya misuli ya jicho, mtu aweza kuanza kuona vitu viwili viwili.

Wengine sasa wapaka pleti dawa inayotoka polepole kuzuia kovu. Kama ningekuwa na pesa za utafiti ningeziweka hapo, si kwenye valvu.

Baada ya kovu kuna kutoboka. Tyubu yapita chini ya ngozi nyembamba sana, miaka ikienda yaweza kutokeza nje, na ikitokeza vijidudu vina njia ya moja kwa moja ndani ya jicho. Kuizuia hufunikwa na kiraka, mara nyingi tishu ya mtu aliyejitolea baada ya kufa, ambayo huku kupatikana si rahisi, au daktari achimba handaki kwenye weupe wa jicho lenyewe aipitishe humo. Handaki la 0.467 ni jepesi kuchimba kuliko la 0.63. Ndio ile faida ya Paul niliyosema.

Nimesikia kuna kimoja kimetengenezwa na nguruwe, ni kweli?

Ni kweli. XEN ni jelatini ya nguruwe iliyokazwa kwa kemikali. Mgonjwa Muislamu ana haki ya kuambiwa kabla, na si kila mahali huambiwa. Hukumu yake muulize sheikh wako, mi si mufti, ila nijuavyo wanavyuoni hujadili mambo mawili: istihala, yaani kitu kubadilika asili yake, ambapo madhehebu yetu ya Shafi'i yabana kuliko Hanafi, na dharura, ambayo sharti lake ni kusiwe na mbadala. Na mbadala upo, PreserFlo ni plastiki, tyubu nyengine zote nilizotaja ni silikoni na plastiki. Kwa mbunifu hili ni somo la soko vilevile, ukichagua nyenzo za mnyama umejifungia mlango wa pwani nzima kuanzia Lamu mpaka Kilwa.

Na vile vidogo vidogo vinavyowekwa pamoja na operesheni ya mtoto wa jicho?

Hivyo ni kama iStent (titani, urefu kama milimita 1) na Hydrus (aloi ya nikeli na titani, milimita 8). Hufungua kichujio cha asili badala ya kupeleka maji nje. Ni salama kuliko tyubu, hushusha presha kiasi, vyafaa ugonjwa wa mwanzo. Wagonjwa wetu wengi wafika ugonjwa si wa mwanzo tena.

Lakini kila anayetaka kubuni asome kisa cha CyPass, kidude kingine kidogo kilichowekwa pamoja na operesheni ya mtoto wa jicho. Ilikubaliwa Marekani 2016, matokeo ya miaka 2 mazuri, 2018 kampuni yenyewe ikaitoa sokoni dunia nzima kwa sababu data ya miaka 5 ilionyesha chembe za nyuma ya konea zapungua kwa kasi kuliko kwa waliofanyiwa mtoto wa jicho peke yake. Chembe hizo zikifa hazioti tena, na konea ikizikosa huwa ukungu. Shida ilihusiana na kifaa kutokeza sana mbele ya jicho.

Bei?

Siandiki bei maana yabadilika na kila mwagizaji ana yake. Ila jua kwamba India, Madurai, Aurolab ambao ni ndugu wa hospitali za Aravind walitoa tyubu yao AADI kwa umbo la Baerveldt 350, kwa sehemu ndogo tu ya bei ya zile za Marekani, na imetumika kwa maelfu. Hawakuvumbua kitu kipya. Walitengeneza cha zamani kwa bei nafuu, na mimi nahesabu hiyo kama ubunifu mkubwa kuliko nusu ya hataza zilizoandikwa miaka hii.

Nikiwekwa, naweza kusujudu? Na MRI je?

Wiki za mwanzo madaktari wengi hukataza kuinama, kubeba mizigo na kujikaza, kwa hivyo uswali kwa kiti na kwa ishara mpaka uruhusiwe. MRI: tyubu za silikoni na plastiki hazina chuma, hazina tabu. Za chuma zipo, kwa mfano Ex-PRESS ni stenlesi, zina masharti yake, kwa hivyo kadi ya kifaa utakayopewa usiitupe. Ipige picha kwa simu, mpe na mwanao.

Kuna cha kurekebishwa kutoka nje bila kukatwa tena?

Kipo, eyeWatch cha Uswisi, kina kisumaku ndani kinachobana tyubu, daktari akigeuza kwa sumaku nyengine nje ya jicho afungua au kufunga kidogo. Pia kuna vihisio vya kupandikizwa vya kusoma presha, Eyemate wa Ujerumani. Napenda sana, ila vyote vyataka mtu arudi kliniki au awe na mashine nyumbani, na hapo tumerudi kwenye ugomvi wangu ule ule.

Twaweza kukichapisha kwa printa ya 3D hapa chuoni?

Pleti ya kuonyesha umbo, ndio. Tyubu, hapana. Ncha ya printa za kawaida ni milimita 0.4, yenyewe ni pana kuliko tundu unalotaka. Njia rahisi ya tyubu ni kumimina silikoni kuzunguka waya mwembamba kisha kuuvuta waya. Chapisha kalibu, umimine pleti. Na silikoni ya dukani ya kuziba madirisha si ya kuwekwa mwilini, tafadhali, hata kwa sungura.

Nitajaribu vipi bila kugusa jicho la mtu?

Waanza mezani. Pampu ya sirinji iliyowekwa maikrolita 2 kwa dakika, kihisio cha presha, maji ya chumvi kwenye joto la mwili, kifaa mwishoni. Uiache masaa, si dakika, presha huchukua muda mrefu kutulia kwa mtiririko mdogo hivo. Kuna kiwango cha Marekani, ANSI Z80.27, kinachosema vifaa hivi vipimwe nini, kitafute ukisome kabla hujachora chochote. Baada ya meza ni majaribio ya nyenzo kwa mtindo wa ISO 10993, kiwango cha kimataifa cha kupima kama nyenzo ni salama mwilini, kisha sungura, ambao hufanya kovu haraka kuliko watu kwa hivyo ukishinda kwa sungura si bahati, kisha kamati ya maadili, na kwa hapa Kenya Pharmacy and Poisons Board. Miaka, si muhula.

Adui mkubwa wa meza ni povu la hewa. Kwenye tundu la maikroni 50, povu moja likikwama mdomoni laweza kuhitaji milimita 40 za zebaki kulisukuma, utadhani umebuni valvu kumbe umepima povu, kwa hivyo maji yatolewe hewa kwanza na mirija ijazwe polepole kutoka chini. Na weka UPS, ile betri ya akiba, kwenye pampu na kompyuta zote mbili, stima ikikatika katikati ya jaribio la usiku kucha ile grafu haina maana tena na itabidi ujaze mirija upya.